Postikadi Kongwe kama Chanzo cha Historia ya Ukoo: Mfano wa Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Katika jamii za Waswahili, swali la mtu kuwa ni nani hujibiwa kwa nasaba. Mtu hutajwa kwa jina lake, la babake na la babu yake, majina hayo yakiunganishwa kwa "bin" au "binti", kisha hufuata jina la ukoo au la taifa. Huko Mvita, kwa mfano, mwenyeji hukamilisha utambulisho wake kwa kujihesabu katika Taifa Tatu, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, au katika Taifa Tisa. Lugha nayo imeweka istilahi za kuhesabu vizazi vinavyoshuka: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza.

Hata hivyo, mlolongo huo una mapengo. Nasaba hufuata zaidi upande wa kuumeni, na mara nyingi wanawake wa upande wa kukeni husahauliwa baada ya vizazi viwili au vitatu. Isitoshe, wale walioletwa pwani kwa nguvu za biashara ya watumwa walinyang'anywa majina pamoja na uhuru wao. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini wapo ambao hawakuiacha asili. Walitengwa nayo kwa mabavu, na vitukuu vyao ndivyo vinavyohangaika kuitafuta leo.

Miongoni mwa masalio yanayoweza kusaidia kuziba mapengo hayo ni postikadi kongwe. Kadi hiyo hupatikana ndani ya sanduku la nyanya, katikati ya kurasa za msahafu au kitabu cha sala, au katika makavazi ya ng'ambo. Makala haya yanaeleza namna postikadi ya zamani inavyoweza kusomwa kama ushahidi wa historia ya ukoo. Yanatoa hoja kwamba postikadi ina mashahidi wanne, nao ni picha, maelezo yaliyochapishwa, alama za posta na ujumbe wa mwandishi. Mashahidi hao hawasemi jambo moja, na mtafiti anayemsikiliza mmoja na kuwapuuza wengine huweza kujipatia babu asiyekuwa wake.

Chimbuko la Postikadi na Kufika Kwake Pwani

Kadi ya kwanza ya posta ilitolewa na serikali ya Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Haikuwa na picha. Upande mmoja uliandikwa anwani na upande wa pili ujumbe mfupi, na gharama yake ilikuwa nafuu kuliko ya barua. Mwaka 1874, mataifa kadhaa yalikutana mjini Bern, Uswisi, yakaunda umoja wa posta uliorahisisha upelekaji wa barua na kadi kutoka nchi moja hadi nyingine. Zanzibar na himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki ziliingia katika umoja huo mwaka 1895, mwaka ule ule ambapo himaya hiyo ilitangazwa rasmi.

Kufikia wakati huo, sanaa ya kupiga picha ilikuwa imekwisha kuota mizizi Unguja. Wapigapicha wa asili ya Goa, akiwamo A. C. Gomes, J. B. Coutinho na Pereira de Lord, walikuwa na studio zao huko. Picha zao ziligeuzwa kuwa postikadi, na kadi nyingi zilichapishwa Ujerumani kisha zikarudishwa pwani kuuzwa. Upande wa Tanganyika, Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita hivyo. Wamisheni nao walitoa kadi zilizoonyesha shule, makanisa na vijiji vyao.

Wanunuzi wakuu wa kadi hizi walikuwa wasafiri wa melini, maofisa wa serikali, wafanyabiashara, wamisheni na wanajeshi. Kwa sababu hiyo, kadi nyingi ziliondoka pwani mara tu baada ya kununuliwa. Ndiyo maana picha ya bibi wa Kibokoni huenda ikapatikana Hamburg au London kabla ya kupatikana Kibokoni kwenyewe. Mtafiti wa ukoo hana budi kulielewa jambo hili tangu mwanzo: kadi ilitengenezwa kwa ajili ya mgeni, na aliyepigwa picha aghalabu hakuwa mwandishi, mnunuzi wala mpokeaji wake.

Alama za Posta: Namna ya Kukadiria Wakati

Upande wa nyuma wa kadi ndio wenye ushahidi wa wakati ulio thabiti zaidi. Hatua ya kwanza ni kutazama iwapo upande huo umegawanywa kwa mstari. Hapo awali, upande wote wa nyuma ulitengewa anwani peke yake, na aliyetaka kuandika salamu alilazimika kuzibana pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe, nusu ujumbe na nusu anwani, mwaka 1902. Ujerumani ilifuata mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kadi isiyo na mstari, basi, kwa kawaida ilichapishwa katika miaka ya mwanzo kabisa ya karne ya 20 au kabla yake. Hata hivyo, wauzaji waliendelea kuuza akiba ya zamani, kwa hivyo mstari huonyesha wakati wa kuchapishwa na si lazima uonyeshe wakati wa kutumwa.

Hatua ya pili ni kuisoma stempu. Stempu za Zanzibar zilibeba sura za masultani: Hamad bin Thuwaini aliyetawala kuanzia 1893 hadi 1896, Hamoud bin Mohammed hadi 1902, Ali bin Hamoud hadi 1911, na Khalifa bin Harub hadi 1960. Upande wa bara, maandishi ya stempu yalibadilika kadiri utawala ulivyobadilika. Stempu zenye jina "British East Africa" zilitumika kuanzia 1890. Mwaka 1903 zikaja zenye jina "East Africa and Uganda Protectorates", mwaka 1922 zikafuata za "Kenya and Uganda", na kuanzia 1935 zikatolewa za Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Sura ya mfalme husaidia pia, kwa kuwa Edward wa Saba alitawala kuanzia 1901 hadi 1910 na George wa Tano kuanzia 1910 hadi 1936.

Hatua ya tatu ni thamani ya stempu. Mwanzoni thamani ilitajwa kwa ana na rupia. Kuanzia 1907, stempu za himaya ya Afrika Mashariki zilitajwa kwa senti, rupia moja ikiwa senti 100, na Zanzibar ikafanya vivyo hivyo mwaka 1908. Katika koloni la Wajerumani, thamani ilikuwa kwa pesa, 64 kwa rupia moja, hadi mwaka 1905 ilipoingia hela, 100 kwa rupia. Mtafiti anayejua mambo haya anaweza kukadiria umri wa kadi hata pale muhuri wa posta ulipofifia. Muhuri ukisomeka, hutoa siku, mwezi, mwaka na mahali. Ikumbukwe kwamba majina ya mahali nayo yamebadilika. Kisumu iliitwa Port Florence reli ilipofika huko mwaka 1901, na Wajerumani waliandika Bagamojo na Daressalam kwa kufuata tahajia ya lugha yao.

Picha: Shahidi Mwenye Ulimi Mwepesi

Watu wengi huanza na picha na kuishia hapo, ilhali picha ndiyo shahidi anayehitaji kuhojiwa zaidi. Jambo la kwanza ni kutofautisha picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya kadi na picha iliyopigwa chapa kwa mashine. Picha iliyopigwa chapa ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia mara nyingi huonyesha vitone vidogo vidogo. Kadi ya picha halisi huenda ilitengenezwa kwa idadi ndogo, pengine kwa ajili ya familia yenyewe iliyopigwa picha. Kadi ya chapa ilitolewa kwa wingi, na picha hiyo hiyo huweza kuwa mikononi mwa watu mamia wasiojuana. Hii ndiyo tofauti kati ya "picha ya nyanya" na "picha iliyonunuliwa na nyanya".

Jambo la pili ni majengo. Mnara uliokuwa mbele ya majumba ya sultani mjini Unguja uliharibiwa katika mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Baada ya hapo, mnara wa saa uliunganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe. Kadi inayoonyesha jengo hilo pasipo mnara wa saa kwenye paji lake ina picha iliyopigwa kabla ya mabadiliko hayo. Kadi za namna hii zimezidi kuwa na thamani tangu sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka mwezi Desemba 2020. Huko Mombasa, Ngome ya Yesu ilitumiwa kama gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Toroli zilizosukumwa na watu juu ya reli nyembamba ni alama ya miaka ya kabla ya magari kuenea, ilhali pembe kubwa zinazopita juu ya barabara ya Moi ni za miaka ya 1950.

Jambo la tatu ni mavazi. Leso, yaani kanga, ilienea pwani kuanzia mwisho wa karne ya 19, na maandishi juu yake yalitangulia kuwa ya hati ya Kiarabu kabla ya kuwa ya hati ya Kirumi. Vazi hilo lina historia ya kijamii pia. Kwa mujibu wa Fair (2001), wanawake wa Zanzibar waliotoka utumwani baada ya sheria ya mwaka 1897 walivaa kanga, na baadaye buibui, kama namna ya kuyakataa mavazi ya kitumwa na kudai uraia wao katika mji. Kwenye pwani ya Kenya, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Mwanamke aliyevaa leso mpya katika kadi ya miaka hiyo, basi, huenda alikuwa anatoa tamko ambalo mpigapicha hakulisikia. Lakini tahadhari inahitajika hapa, kwa kuwa studio ziliweza kumpa mtu nguo, kiti au kipambo kisichokuwa chake. Mavazi huweza kutaja kipindi. Hayawezi peke yake kutaja hadhi ya aliyeyavaa.

Maelezo Yaliyochapishwa na Suala la Jina

Chini ya picha huwa pana maelezo mafupi. Hapa ndipo penye jeraha. Sultani alitajwa kwa jina, gavana alitajwa kwa jina, hata meli ilitajwa kwa jina. Mwanamke wa Ng'ambo au mchukuzi wa Kilindini alitajwa kwa aina yake tu: "mwanamke Mswahili", "wachukuzi", "warembo wa Zanzibar". Kadi iliwageuza watu waliokuwa na mama, waume, madeni na maombi yao kuwa vielelezo vya makabila.

Athari ya jambo hili kwa mtafiti wa ukoo ni mbili. Kwanza, maelezo hayo hayaaminiki hata kwa mambo madogo. Picha moja huweza kutokea kwenye kadi mbili zikiwa na maelezo tofauti, moja ikisema ni Mombasa na nyingine ikisema ni Zanzibar, kwa sababu mchapishaji aliyekuwa Ulaya hakuwajua wahusika wala mahali. Pili, ukosefu wa jina hufungua mlango wa matamanio. Uso usio na jina ni rahisi kupewa jina lolote, na familia inayotamani kumwona mhenga wake huweza kumwona katika kila uso.

Tatizo hili huwa zito zaidi kwa wanawake na kwa vizazi vya waliokuwa watumwa. Serikali ya kikoloni nchini Kenya iliwaandikisha wanaume Waafrika waliofikia umri wa miaka 16 chini ya mfumo wa kipande, ulioanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mfumo huo ulikuwa wa udhalilishaji, lakini uliacha nyuma majina ya wanaume hao; wanawake hawakupewa kipande. Kwa bibi aliyeishi wakati huo, huenda postikadi ndiyo karatasi pekee iliyobeba sura yake, nayo haina jina lake.

Kwa upande wa waliokombolewa, vipo vijiji vya wamisheni kama Freretown, karibu na Kisauni, kilichoanzishwa na Wamisheni wa Kianglikana miaka ya 1870, na kile cha Bagamoyo kilichoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu. Thamani ya kulinda simulizi za watu wa aina hii inadhihirika katika kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Humo, masimulizi ya waliotekwa na kukombolewa yamehifadhiwa kwa Kiswahili na mtu wa kizazi kilichofuata. Kadi ya kijiji cha wamisheni na simulizi ya namna hiyo zikiwekwa pamoja, watu waliopangwa kwa safu mbele ya kanisa huanza kurudishiwa ubinadamu wao.

Lugha na Hati ya Ujumbe

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na silaha asizokuwa nazo mkusanyaji wa stempu. Ujumbe ulioandikwa na wenyeji huweza kuwa kwa hati ya Kirumi au kwa hati ya Kiarabu. Hati ya Kiarabu katika umbo lake la zamani haikuwa na herufi mahususi kwa kila sauti ya Kiswahili. Herufi ya ba iliweza kusimamia b, p au mb. Herufi ya fa iliweza kusimamia f au v. Na irabu i na e ziliweza kuandikwa kwa alama moja. Jina la mtu au la mtaa huweza kusomwa kwa njia mbili au tatu, na msomaji asiyeijua lahaja husika huchagua njia isiyofaa.

Lahaja nayo ni ushahidi. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Kadi zilizotangulia hapo huonyesha lahaja ya mwandishi pasipo kificho. Anayeandika "ndia" kwa njia na "mato" kwa macho ni mtu wa lahaja za kaskazini, na anayeandika "moya" na "mayi" anaelekea kuwa wa Amu au visiwa jirani. Ikiwa familia inadai kuwa babu yao alitoka Unguja, na kadi aliyoiandika kwa mkono wake imejaa Kiamu, dai hilo linahitaji kuchunguzwa upya.

Tarehe zina hesabu yake. Waandishi wengi walitumia mwaka wa Hijria na majina ya miezi ya Waswahili. Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani, na hesabu huendelea hadi Mfungo Tisa, kisha huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mfungo Sita, kwa hivyo, ndio mwezi wa Maulidi. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takribani siku 11, miezi hii haikai mahali pamoja katika kalenda ya kawaida, na mtafiti hana budi kuhesabu mwaka kwa mwaka.

Pengine palipo na mitego mingi zaidi ni istilahi za ujamaa. Ami ni ndugu wa baba na mjomba ni ndugu wa mama, na tofauti hiyo hupotea pindi kadi inapotafsiriwa kwa lugha za Ulaya. "Mwanangu" huweza kuwa mtoto wa kuzaa, mtoto wa ndugu au hata kijana wa jirani. "Baba mdogo" si baba mzazi. "Somo" ni mtu mnayeshiriki jina, na kwa wanawake huweza pia kuwa kungwi. "Umbu" ni neno la kale analolitumia mwanamume kwa dada yake, au mwanamke kwa kaka yake. Mtafiti asiyelijua neno hili moja huweza kumgeuza dada kuwa mke.

Kutoka kwenye Kadi hadi kwa Wazee na Nyaraka

Baada ya kadi kusomwa, hatua inayofuata ni kuipeleka kwa wazee. Utaratibu una umuhimu wake. Mzee asiulizwe, "Je, huyu ni nyanya?" Swali la namna hiyo hubeba jibu lake, na adabu ya mwenyeji humfanya akubali ili asimvunje mgeni moyo. Ni bora aonyeshwe kadi na kuachwa aseme anachokiona: mtaa, mlango, mtindo wa kilemba, jina la leso. Inafaa wazee wawili waulizwe mbalimbali, kisha maelezo yao yalinganishwe.

Staha pia inahitajika. Zipo familia zilizoficha asili ya utumwa, au zilizojiongezea nasaba ya ng'ambo ili kupata heshima mjini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mzee anaponyamaza huenda anamlinda mtu. Mtafiti asiichapishe aibu ya ukoo kwa sababu tu ameigundua.

Kisha zipo nyaraka. Mahakama za kadhi zina kumbukumbu za ndoa, talaka na mirathi, na humo wanawake hutajwa kwa majina yao na ya baba zao. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwafanya wakazi wa ukanda wa pwani ya Kenya kuwasilisha madai ya mashamba yao, na madai hayo hutaja wamiliki na majirani. Hati za wakfu, daftari za ubatizo na mawe ya makaburi hukamilisha orodha. Nyaraka za Kitaifa za Kenya, jijini Nairobi, na Nyaraka za Zanzibar, huko Kilimani, ni mahali pa kuanzia. Kwa picha za kulinganisha, mkusanyo wa Humphrey Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na Chuo Kikuu cha Southern California kina hifadhi ya picha za wamisheni. Hifadhi zote mbili zimewekwa kwenye mtandao.

Mfano wa Uchambuzi

Ili hatua hizi zieleweke, ichukuliwe kadi moja ya kubuni. Familia ya Mombasa imerithi kadi yenye picha ya mwanamke kijana aliyeketi, amevaa leso, na juu ya picha pamechapwa maneno yanayosema kuwa ni mwanamke wa Zanzibar. Familia inaamini kuwa huyo ni nyanya mkuu wao, aliyeolewa Mombasa. Nyuma pana mstari wa kugawa, stempu ya "East Africa and Uganda Protectorates" yenye sura ya Edward wa Saba na thamani ya senti, na ujumbe kwa hati ya Kiarabu uliotiwa tarehe ya Mfungo Sita 1326.

Stempu ya senti inaonyesha kuwa kadi haikutumwa kabla ya 1907. Mfungo Sita wa mwaka 1326 uliangukia mwezi Aprili 1908. Mashahidi hao wawili wanaafikiana. Kioo cha kukuzia kinaonyesha vitone, kwa hivyo picha ni ya chapa na iliuzwa kwa wingi. Katika hifadhi ya ng'ambo, picha hiyo hiyo inapatikana kwenye kadi isiyo na mstari iliyotumwa mwaka 1902. Rekodi ya ndoa ya nyanya mkuu inaonyesha kuwa aliolewa akiwa msichana mwaka 1907. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mtu mzima angalau miaka mitano kabla ya hapo. Hawezi kuwa yeye.

Habari hiyo ni ya kuhuzunisha kwa familia, kwani imepoteza uso. Lakini ujumbe wa nyuma haujasomwa bado. Mwandishi ni mwanamume. Anamwandikia mume wa nyanya mkuu akiwa Lamu, na anamwomba amfikishie salamu "umbu langu". Kumbe nyanya mkuu alikuwa na kaka, ambaye simulizi za familia hazimtaji kabisa. Lahaja ya ujumbe ni Kiamu. Kutokana na neno moja, utafutaji unahama kutoka Unguja hadi Lamu, ambako huenda kuna wajukuu wa kaka huyo wanaojiuliza ni kwa nini babu yao aliwahi kutuma kadi Mombasa. Picha iliyotundikwa ukutani haikuwa na jamaa yeyote; maandishi yaliyogeuzwa ukutani ndiyo yaliyokuwa na jamaa.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa postikadi kongwe ina mashahidi wanne, na kuwa kila mmoja ana wakati wake na ukweli wake. Picha huweza kutangulia uchapishaji kwa miaka mingi, na uchapishaji ukatangulia utumaji. Maelezo yaliyochapishwa hueleza zaidi fikra za mchapishaji kuliko maisha ya aliyepigwa picha. Ujumbe wa mkono, hasa ulioandikwa kwa Kiswahili, ndio unaokaribia zaidi sauti ya wenyewe.

Kazi ya kuusoma ujumbe huo inahitaji watu wanaoijua hati ya Kiarabu ya Kiswahili, lahaja za kabla ya usanifishaji, miezi ya mfungo na istilahi za ujamaa. Maarifa haya yamo katika taaluma ya Kiswahili, lakini wanaoyamiliki kwa ukamilifu ni wazee ambao idadi yao inapungua kila mwaka. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu zingefanya jambo la maana iwapo zingewafunza wanafunzi usomaji wa hati hiyo na kuwatuma nyumbani wakati wa likizo kuwauliza nyanya zao kilichomo sandukuni. Kadi itakayopatikana iandikwe pande zote mbili katika daftari, itiwe jina la aliyekuwa nayo na mahali ilipopatikana, na igeuzwe nyuma kabla ya mtu yeyote kuulizwa ni nani aliye mbele.